Mwaka wa pili sijakanyaga kanisani

SWALI: Shikamoo Mama. Ninamuuguza mama yangu aliyepooza upande mmoja, na sina wa kunipokea hata kwa saa mbili. Huu ni mwaka wa pili sijakanyaga kanisani. Jumapili nafungua ibada kwenye simu, lakini haipiti nusu saa nimeshaanza kukunja nguo. Sala zangu zimekuwa fupi na kavu. Muumini mwenzangu mmoja alinitumia Waebrania 10:25, ule mstari wa kutoacha kukusanyika, na tangu siku hiyo najiona mkosaji. Je, imani yangu itadumu kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana, na mama umpe pole yangu.

Tuanze na huo mstari, maana umekuumiza. Unawaonya watu waliokuwa na nafasi ya kukutana wakajizoeza kukaa kando. Wewe umezuiliwa na kitanda cha mama yako. Tena usomwe pamoja na ule wa 24, unaotutaka tuangaliane. Aliyekutumia mstari alipaswa kuja na kubisha hodi.

Mimi niliwahi kuvunjika nyonga nikalala miezi mitano. Ibada za kwenye simu nilizitazama kama wewe, mawazo yangu yakiwa kwingine. Kilichonishika ni Alhamisi jioni. Dada mmoja wa sauti ya pili alikuwa ananipigia mazoezi ya kwaya yakianza, kisha anaiacha simu wazi juu ya benchi, katikati yao. Nilisikia viti vikiburutwa, mtu akikohoa, mwalimu akisema, "Rudieni, mmeshuka." Nilisikia besi wakikosea palepale walipokuwa wakikosea siku zote, nikalia. Wiki ya tatu mwalimu aliisogelea simu akauliza: "Wewe uliyelala, ubeti wa pili maneno yanasikika?" Nikamwambia hayasikiki. Wakarudia. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na zamu yangu kwenye kwaya, nikiwa chali.

Ndiyo maana nakusihi, omba kazi. Kule Japani, Ukristo ulipopigwa marufuku mwaka 1614, waumini waliobaki waliishi kwa siri zaidi ya miaka 200 bila padre hata mmoja. Waligawana majukumu: mmoja alitunza kalenda ya sikukuu, mwingine alibatiza watoto. Mwaka 1865 baadhi yao walijitokeza kwa padre Mfaransa huko Nagasaki, wakijitambulisha kuwa wana imani ileile. Hebu fikiria mtu anayehesabu siku za Kwaresima kwa siri, kisha anamrithisha mwanawe hesabu hiyo. Kwa hiyo mwambie mchungaji wako akupe majina matatu ya kuombea kila wiki, na uwapigie simu hao watu. Usiku unapomgeuza mama, taja jina moja. Sala ya namna hiyo huwa fupi, na inatosha.

Simu isipokushibisha, usijilaumu. Hata mwandishi wa Waraka wa Pili wa Yohana alifunga barua yake akisema ana mengi, ila hataki kuyamaliza kwa karatasi na wino. Anatumaini kuwaona uso kwa uso, furaha ipate kutimia. Aliandika hivyo hivyo, huku hamu ikiwa palepale. Nawe iache hamu yako iwepo.

Jambo jingine ni Meza ya Bwana. Justin Mfiadini, mwandishi Mkristo wa kale aliyeandika Roma kwenye miaka ya 150 baada ya Kristo, anaeleza kwamba mashemasi waliwapelekea sehemu yao wale ambao hawakuwapo. Utaratibu hutofautiana kati ya kanisa na kanisa, lakini kuuliza kama wanaweza kukuletea nyumbani si kusumbua mtu. Wakija, waombe waimbe wimbo mmoja hapo chumbani, na mmoja wao abaki na mama wakati wewe unatoka nje kupata hewa.

Ila usisubiri hadi waje. Mtumie ujumbe leo mtu mmoja wa kwaya, umwombe akupigie mazoezi yakianza. Ukishasikia viti vikiburutwa, weka simu karibu na mto wa mama, naye asikie.