Risiva ya sinema ya nyumbani: amua kwanza kazi gani ifanyike wapi

Anayeanza kununua mfumo wa sinema ya nyumbani huuliza karibu kila mara swali lile lile kuhusu risiva, kile kifaa kinachopokea sauti na picha kutoka vifaa vingine na kuendesha spika: risiva hii ina wati ngapi? Swali si baya, ila linakuja mapema mno. Kabla ya wati kuna jambo la kuamua, na wengi hulikuta wakati pesa imeshatoka: kifaa gani kifanye kazi gani. Siku hizi karibu kila kifaa kina kichakataji chake. Deki ya Blu-ray inaweza kupandisha picha hadi 4K, risiva inaweza, na runinga pia inaweza. Kisanduku cha filamu za mtandaoni kinaweza kufungua sauti iliyobanwa, na runinga na risiva vilevile. Sabufa ina kichujio chake cha besi, risiva nayo ina chake. Ukiviacha vyote vifanye vitakavyo, sauti na picha zitachakatwa mara mbili au tatu, na siku kasoro ikitokea hutajua uanze kuitafuta wapi.

Nimefunga na kurekebisha mifumo mingi ya watu, na msimamo wangu ni huu: kila kazi ifanyike mara moja, mahali pamoja. Picha iachie runinga. Sauti yote, tangu kufunguliwa hadi kugawiwa spika, ikabidhi risiva. Ukishaamua hivyo, kuchagua risiva kunakuwa rahisi, kwa sababu mengi yanayosifiwa kwenye boksi lake hutayahitaji.

Nianze na picha, maana hii haina maneno mengi. Runinga ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, na picha yoyote ndogo kuliko hapo lazima ipandishwe ndipo ijaze kioo. Aliyetengeneza runinga ndiye anayekijua kioo chake, na mara nyingi kichakataji alichokiweka humo ni kizuri kuliko kile cha risiva. Kwa hiyo kwenye menyu ya risiva zima upandishaji wa picha, uiambie ipitishe tu. Wenye projekta ya zamani au deki yenye kichakataji cha hali ya juu wanaweza kufanya vingine, lakini hata wao wachague kifaa kimoja tu.

Mashine za gemu zinataka uangalifu zaidi. Gemu ya 4K yenye picha 120 kwa sekunde inahitaji njia pana kuliko HDMI 2.0, ambayo mwisho wake ni gigabiti 18 kwa sekunde, HDMI 2.1 inafika hadi 48. Wauzaji hutumia jambo hili kumshawishi mtu anunue risiva mpya kabisa. Mimi naona kuna njia nyingine. Kama runinga yako ina tundu la HDMI 2.1 na pia ina eARC, yaani njia ya kurudisha sauti kutoka runinga kwenda risiva, chomeka mashine ya gemu moja kwa moja kwenye runinga, na sauti irudi kwenye risiva kupitia waya ule ule wa HDMI unaoziunganisha. Picha haipiti kwenye risiva hata kidogo. Risiva nzuri ya miaka kadhaa iliyopita, mradi ina eARC, inabaki kuwa chaguo zuri.

Hapo lazima utofautishe ARC na eARC. ARC ya kawaida ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, nayo hubeba sauti ya stereo, au sauti ya chaneli nyingi iliyobanwa kama Dolby Digital. Ile eARC iliyokuja na HDMI 2.1 hubeba hadi megabiti 37 kwa sekunde, kwa hiyo sauti isiyopotezwa kitu ya diski za Blu-ray, yaani Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, inapita bila shida. Kama unatazama filamu za mtandaoni tu, ARC ya kawaida mara nyingi inatosha, kwa sababu huduma hizo kwa kawaida hutuma Dolby Digital Plus, na Atmos, yaani sauti inayokuzunguka na kutoka hata juu yako, inaweza kusafiri ndani yake. Ila zipo runinga zisizopitisha sauti za aina ya DTS kabisa. Deki yako ya Blu-ray basi ichomeke kwenye risiva, usiizungushe kupitia runinga.

Sasa kufungua sauti. Kwenye mipangilio ya deki utakuta chaguo mbili: PCM na "Bitstream". Ukichagua PCM, deki inafungua sauti yenyewe na kuipeleka risiva ikiwa tayari. Ukichagua "Bitstream", inaipeleka ikiwa bado imefungwa, na risiva ndiyo inayofungua. Watu hubishana ipi inasikika vizuri zaidi. Kwa sauti isiyopotezwa kitu, data inayotoka baada ya kufunguliwa ni ile ile popote ilipofunguliwa, kwa hiyo ubishi huo hauna msingi. Tofauti ya kweli iko kwenye Atmos na mwenzake DTS:X. Deki ikizifungua kuwa PCM, maelezo ya mahali kila sauti inapotakiwa kusikika hupotea, na spika zako za darini hubaki bila kazi yake halisi. Chagua "Bitstream", kisha zima uchanganyaji wa sauti za pembeni kwenye menyu ya deki, zile za milio ya vitufe na maelezo ya ziada, kwa sababu ukiwa umewashwa deki hulazimika kufungua sauti yenyewe. Mashine ya gemu na kompyuta ni habari nyingine: zinatengeneza sauti papo hapo mchezo unavyokwenda, kwa hiyo kuchanganya ni kazi yao.

Kabla ya kulaumu spika, soma kioo kidogo kilicho usoni mwa risiva. Ukicheza filamu unayojua ina Atmos na kioo kimeandika PCM au Stereo, tatizo liko kabla ya risiva. Mara nyingi ni runinga iliyoachwa na mpangilio wa sauti ya stereo, au kisanduku kilicholazimishwa kutoa PCM. Tazama pia vitu vinavyojiwasha vyenyewe kwenye runinga na king'amuzi: kusawazisha sauti, sauti ya usiku, kung'arisha mazungumzo. Kama unahitaji sauti ya usiku kwa sababu watoto wamelala, iwashe kwenye risiva, na kwingine kote izime.

Kuna mchakato wa mara mbili ambao hata wenye uzoefu hawauoni. Mtu hununua kigeuzi cha nje cha gharama, kile kinachobadilisha sauti ya dijitali kuwa analogi, akakiweka kati ya chanzo na risiva. Anaamini amepata sauti safi zaidi. Lakini risiva haiwezi kurekebisha chumba (kupima kwa maikrofoni jinsi chumba kinavyobadilisha sauti, kisha kuisahihisha) wala kugawa besi bila kuirudisha sauti ile kuwa dijitali. Inaibadilisha tena, inaichakata, halafu inaigeuza kuwa analogi kwa mara nyingine kwa kigeuzi chake yenyewe. Kile cha nje kinakuwa kimeongeza hatua mbili zisizo na faida. Chenyewe kina maana pale tu unapotumia hali ya moja kwa moja, ambayo huzima uchakataji wote, na hapo umeacha pia urekebishaji wa chumba.

Besi ndipo kazi ilipo, na ndipo mifumo mingi inapoharibika. Sabufa nyingi zina kitufe cha kuzungusha nyuma, kinachoweka mwisho wa sauti itakayopigwa, labda kuanzia Hz 40 hadi 150. Risiva nayo ina mpaka wake, pale chini yake besi inapoachiwa sabufa. Ukiweka kile cha sabufa kwenye 80 na cha risiva kwenye 80, vichujio viwili vinabebana: sauti inashuka kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa, na pale sabufa na spika zinapokutana panabaki pengo. Ngoma inasikika nyembamba, sauti ya kiume inakosa kifua. Wengi hujibu kwa kuongeza sauti ya sabufa, na hapo inaanza kuvuma. Zungusha kitufe cha sabufa hadi mwisho wa juu kabisa, au tumia tundu lililoandikwa LFE kama lipo, ili risiva peke yake iamue.

Kisha ingia kwenye menyu ya spika. Baada ya kupima chumba, risiva nyingi huziandika spika za mbele "Large", hata zikiwa za wastani tu. Usiwe na fahari na neno hilo. Maana yake ni kwamba spika hizo zitapewa besi yote na sabufa haitazisaidia. Zirudishe kwenye "Small" na mpaka uuweke Hz 80, kiwango ambacho THX, wanaoweka viwango vya sauti ya sinema, wamekipendekeza kwa miaka mingi; spika ndogo sana zinaweza kutaka 100 au 120. Usichanganye mpaka huo na mpangilio wa LFE, ile chaneli maalumu ya besi ya filamu, ambao unabaki Hz 120.

Utashangaa pia kuona risiva imeandika kwamba sabufa iko mita 6 wakati kwa futi ya kupimia ni mita 4. Usisahihishe. Vichujio na vifaa vya elektroniki ndani ya sabufa huchelewesha sauti, na risiva imepima ucheleweshaji wote, ikaugeuza kuwa umbali.

Nikilazimika kuchagua kitu kimoja cha kuangalia wakati wa kununua, ni urekebishaji wa chumba. Chumba chenye urefu wa mita 5 kina mvumo wake wa kwanza karibu na Hz 34, maana sauti husafiri mita 343 kwa sekunde na wimbi la Hz 34 ni refu maradufu ya chumba hicho. Kwenye mvumo huo besi itapanda mno ukiwa karibu na ukuta, na itatoweka ukikaa katikati. Urekebishaji unaweza kushusha kilichopanda. Kilichotoweka hauwezi kukirudisha, kwa sababu mawimbi yanauana yenyewe kwa yenyewe, na kuongeza nguvu hapo ni kuichosha amplifaya bure. Kwa hiyo sogeza kochi na sabufa kwanza, pima baadaye.

Programu za urekebishaji huo, kama Audyssey, Dirac Live na YPAO ya Yamaha, zote zina matoleo madogo na makubwa, na jina pekee halikwambii kitu. Uliza mambo mawili. Je, toleo hili linarekebisha sabufa yenyewe, au linairuka? Je, naweza kuliwekea mwisho, lirekebishe chini ya Hz 300 tu? Huko chini ndiko chumba kinakotawala; juu yake, spika nzuri mara nyingi hubaki nzuri zaidi zikiachwa zilivyo. Unapopima, weka maikrofoni kwenye stendi, kimo cha masikio, bila kuiegemeza kwenye kochi wala kuishika mkononi. Kipimo cha kwanza kiwe pale unapokaa wewe, kwa sababu umbali wa spika zote unahesabiwa kutoka hapo.

Ukiwa na kichakataji cha nje cha sabufa, kwa mfano una sabufa mbili na risiva yako inazihesabu kama moja, malizana nacho kwanza: zilinganishe ucheleweshaji na sauti, kisha iache risiva ipime ikiziona kama sabufa moja iliyonyooka. Kichakataji kikibadilishwa chochote baadaye, risiva ipime upya.

Turudi kwenye wati. Kuongeza wati maradufu kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaisikia lakini halishtuki. Spika ya desibeli 91 kwa wati moja inahitaji nusu ya nguvu inayohitajiwa na ile ya 88. Soma pia namna namba ilivyopimwa: wati 100 kwa chaneli mbili kwa pamoja, kuanzia Hz 20 hadi 20,000, ni nyingi kuliko 150 zilizopimwa kwa chaneli moja, Hz 1,000, na upotoshaji wa asilimia 10. Kama spika zako ni za omu 4, hakikisha mtengenezaji ameandika kwamba risiva inazikubali. Na ukipata yenye matundu ya kutolea sauti kwa amplifaya ya nje, ichukue. Chumba kikikua utaongeza nguvu bila kubadilisha kichakataji. Iachie nafasi juu ipumue.

Mwisho kabisa linganisha midomo na sauti, kwa sababu kila ulichokigusa huko nyuma kimebadilisha ucheleweshaji. Runinga ikichakata picha huichelewesha, kwa hiyo sauti ndiyo inayosubirishwa, na isubirishwe kwenye risiva. Ule ucheleweshaji wa sauti ulio kwenye runinga uwe sifuri. Ukishamaliza, piga picha kila ukurasa wa menyu kwa simu yako, maana sasisho la programu linaweza kurudisha mipangilio yote ilivyotoka kiwandani.