Jibu: Banderas aliingiaje Hollywood bila Kiingereza?

Mkuu, uliyosikia, kwamba Banderas aliingia Hollywood bila kujua Kiingereza, ni kweli. Antonio Banderas, mwigizaji kutoka Hispania, alipocheza filamu ya The Mambo Kings (1992) Kiingereza hakukijua; alikariri mistari yake kwa sauti tu, kama mtoto wa madrasa anayehifadhi kabla ya kujua maana. Ubaya wa njia hii ni kwamba mwongozaji akibadilisha sentensi papo hapo, mwigizaji anakwama, maana hana maneno ya kujazia. Pale ilisaidia kwamba mhusika mwenyewe ni mwanamuziki wa Cuba, kwa hiyo lafudhi haikuwa kasoro.

Ila usidhani alitokea hewani. Tangu 1982 alikuwa akifanya kazi na mwongozaji Pedro Almodóvar kwao Hispania, na filamu hizo ndizo zilizomtambulisha nje. Baadaye zikaja Philadelphia (1993), Desperado (1995) na The Mask of Zorro (1998).

Lafudhi ilimbana, kwani majina ya wahusika wake wengi ni ya Kilatino, yaani ya watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Lakini ndiyo hiyohiyo iliyompa nafasi ya Paka wa Buti katika filamu ya katuni Shrek 2 (2004), sauti aliyoirekodi kwa Kiingereza na Kihispania pia. Na tuzo ya mwigizaji bora ya tamasha la filamu la Cannes, 2019? Aliipata kwa filamu ya Kihispania, ya Almodóvar yuleyule.