Barua za Wasomaji: Nchi ya Akina Bin na Binti Huko Kaskazini

Katika toleo lililopita tuliitaja Aisilandi kwa mistari miwili tu, na tangu hapo barua zimekuwa zikitufikia kutoka pande zote za Dar es Salaam, nyingi zikiuliza kwa mshangao ule ule watu wasiofikia laki nne wanaishije kisiwani, chini kidogo ya Duara la Aktiki. Leo tumewapa nafasi yote.

Mwalimu wetu wa jiografia alisema kuwa jina la nchi hiyo maana yake ni nchi ya barafu. Je, watu wake wanaishi juu ya barafu, na maji ya moto wanayapata wapi? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Tandika)

Mwanangu, mwalimu wako amesema kweli kuhusu jina, lakini barafu ya kudumu imefunika takribani sehemu moja tu ya kumi ya kisiwa. Watu wanakaa pwani, ambako mkondo wa bahari unaoleta maji ya uvuguvugu kutoka kusini huizuia baridi isiwe kali kama wengi wanavyodhani. Katika mji mkuu, Reykjavík, wastani wa joto la Januari huzunguka nyuzi sifuri, na Julai hupanda hadi nyuzi 11 au 12, ambazo kwa mtu wa Tandika bado ni sababu ya kutosha ya kuvaa sweta mbili. Eneo la nchi ni kama kilomita za mraba 103,000, yaani karibu sehemu moja ya tisa ya Tanzania, na katika kila wakazi watatu karibu wawili wanaishi Reykjavík na vitongoji vyake.

Maji ya moto wanayapata chini ya miguu yao. Kisiwa kimekaa juu ya ufa ambapo mabamba mawili makubwa ya ardhi, la Amerika Kaskazini na lile la Ulaya na Asia, yanaachana polepole, na joto la chini linayachemsha maji yaliyomo miambani. Maji hayo huvutwa kwa visima virefu na kupelekwa majumbani kwa mabomba, na nyumba tisa katika kila kumi hupashwa joto kwa njia hiyo, ingawa bombani hutoka na harufu kidogo ya yai viza. Jina Reykjavík maana yake ni Ghuba ya Moshi, na moshi walioutaja wahamiaji wa kwanza ulikuwa mvuke wa chemchemi. Wako pia wanaofukia chungu cha unga kwenye udongo wa moto na kuja kukifukua kesho yake kikiwa mkate mweusi, mtamu na laini. Nasi wa Afrika Mashariki tumeuonja ujuzi huo: tangu 1979 nchi hiyo imekuwa na mafunzo ya jotoardhi kwa wataalamu wa nchi nyingine, na Wakenya wengi wanaofanya kazi katika Bonde la Ufa wamepitia huko.

Nafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni Kigamboni. Tuliwapokea baba, mama na watoto wawili kutoka Aisilandi, na pasi zao nne zilikuwa na majina manne tofauti ya mwisho. Mwenzangu alitaka kuwanyima chumba akihofu kuwa watoto hao wameibwa, nami niliona aibu sana. Naomba ufafanuzi. (Mpokea wageni)

Ndugu yangu, barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa sababu wageni wale walikuwa wanafuata desturi ambayo wewe na mimi tunaijua tangu utotoni. Waaisilandi walio wengi hawana jina la ukoo. Mtoto hupewa jina lake, kisha hufuatishiwa jina la baba yake likiwa na kiambishi: mwana wa kiume huongezewa *son*, wa kike huongezewa *dóttir*. Tuseme baba anaitwa Jón Einarsson, yaani Jón mwana wa Einar, na mama anaitwa Guðrún Sigurðardóttir, yaani Guðrún binti wa Sigurður. Mwana wao Ólafur atakuwa Jónsson na dada yake Anna atakuwa Jónsdóttir, na hapo umepata majina manne ya mwisho katika nyumba moja yenye ndoa halali kabisa. Mzee wa Kigamboni aliyeandikishwa Juma bin Hamisi, mwenye dada aitwaye Mwanahawa binti Hamisi na mke aitwaye Zuhura binti Salum, angeielewa familia hiyo bila kuuliza swali. Mke hachukui jina la mume, kama mama zetu wengi wa pwani wasivyolichukua, kwa kuwa kuolewa hakumbadilishii mtu baba. Mtoto anaweza pia kufuatishiwa jina la mama, na tangu 2019 sheria imeongeza kiambishi cha tatu, *bur*, kwa mtu asiyetaka kuandikwa kuwa ni mwana wa kiume au wa kike.

Tofauti kati yao na sisi ni kwamba wao wameilinda desturi hiyo kwa sheria. Mwaka 1925 walipiga marufuku kuanzisha majina mapya ya ukoo, na tangu 1991 wana kamati ya majina, ambayo mzazi anayetaka kumpa mtoto jina lisilokuwa katika orodha ya taifa hupaswa kuiomba kibali. Kamati hutazama, pamoja na mambo mengine, kama jina hilo linakubali kunyambuliwa kwa kanuni za sarufi yao. Kwangu mimi huo ni ulinzi wa haki. Huku kwetu fomu nyingi zina kisanduku kilichoandikwa jina la ukoo, nasi hujaza jina la babu humo kwa sababu fomu imelitaka, hata vijana wengi wa mjini sasa wanaamini kwamba jina la babu ndilo jina lao hasa.

Kwa kuwa jina la pili humtaja baba tu, jina la kwanza ndilo jina lenyewe, na kila mtu huitwa kwa hilo. Kitabu chao cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza. Mwanafunzi humwita mwalimu kwa jina lake, na raia humwita rais vivyo hivyo. Vigdís Finnbogadóttir, aliyechaguliwa 1980 akawa mwanamke wa kwanza duniani kuwa rais kwa kura za wananchi, kwao ni Vigdís tu, na Halla Tómasdóttir, aliyeshika kiti hicho Agosti 2024, ni Halla. Kwetu, ambako hata jirani huitwa Mama Asha ili jina lake lisitamkwe hovyo, jambo hilo lingehesabiwa kuwa utovu wa adabu. Kwao ni adabu hasa, kwa sababu anayekuita kwa jina la baba yako atakuwa hajakuita wewe.

Huenda ukauliza: watu wachache hivyo, tena bila majina ya ukoo, watajuaje kama wachumba si ndugu? Wazee wetu huulizana koo kabla ya posa. Waaisilandi wana hifadhi kubwa ya nasaba iitwayo Íslendingabók, na mwaka 2013 vijana waliitengenezea programu ya simu, ambayo wawili wakigonganisha simu zao huonyeshwa undugu wao umeanzia kwa babu yupi.

Je, ni kweli kwamba huko hakuna mbu? (Baba wa watoto watano, Mbagala)

Ilikuwa kweli mpaka Oktoba 2025, walipopatikana mbu watatu, na habari hiyo ikatangazwa hadi nje ya nchi. Wewe unayehesabu watatu ndani ya chandarua kimoja utawaelewa vizuri, nasi tunawaombea wasizidi hapo.

Nasikia jua la huko halina adabu. Mtu anajuaje saa za sala? (Mama wa Magomeni)

Shikamoo mama. Saa yetu ya Kiswahili imesimama juu ya jua: likichomoza ni kama saa kumi na mbili, na saa moja baadaye tunasema saa moja asubuhi. Hesabu hiyo isingedumu hata wiki moja Reykjavík. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza saa tano na dakika ishirini hivi asubuhi na kuzama kama saa tisa na nusu alasiri, na kwa kuwa wao wako nyuma yetu kwa saa tatu, saa nane mchana unapoosha vyombo vya chakula cha mchana Magomeni, wao bado hawajaliona. Mwishoni mwa Juni mambo hugeuka, jua likazama baada ya saa sita usiku na kurudi karibu saa tisa usiku, na katikati hapo hapaingii giza kamili. Waislamu wa huko, ambao ni wachache, Ramadhani ilipoangukia Juni 2016 baadhi yao walifunga karibu saa 22 kwa siku, na wengine walifuata nyakati za nchi nyingine kwa fatwa za masheikh. Nilipoisoma habari hiyo niliwahurumia kwa moyo wote.

Wanakula samaki gani? (Muuza samaki, Feri)

Kaka, wanakula karibu kila anayevuliwa, na samaki mkavu wanampaka siagi. Utakayemtambua zaidi ni papa, ila papa wao wa maji ya baridi ana sumu akiwa mbichi, kwa hiyo humfukia changaraweni kwa wiki kadhaa, kisha humning'iniza bandani kwa miezi mpaka sumu iishe. Harufu inayobaki inamshinda mgeni. Naamini mtu aliyelelewa kwa papa mkavu wa nazi angestahimili kuliko Mzungu yeyote. Bahari ni uhai wao kiasi kwamba, bila kuwa na jeshi, walishindana na Uingereza juu ya uvuvi kwa miaka mingi, boti zao za ulinzi zikikata kamba za nyavu za meli za Kiingereza, hadi 1976 walipokubaliwa mpaka wao wa maili 200 za bahari.

Lugha ya watu wachache hivyo haijamezwa na Kiingereza? (Mwalimu wa Kiswahili, Sinza)

Mwalimu, hawajairuhusu imezwe. Kompyuta ilipofika hawakulichukua jina lake la kigeni, bali waliunganisha *tala*, yaani namba, na *völva*, mwaguzi wa kike wa zamani, wakapata *tölva*. Ni njia ile ile iliyotuzalia neno tarakilishi kutoka tarakimu na akili, ila wao wanalitumia neno lao nyumbani na sokoni, wakati letu limebaki vitabuni. Simu nayo wanaiita *sími*, neno lililofufuliwa kutoka maandishi ya kale, ambako maana yake ilikuwa uzi. Letu husemwa kuwa limetokana na Kiajemi, ambako *sim* ni waya. Hayana undugu wowote, lakini Mwaisilandi akikuomba *sími* pale Sinza utampa bila mkalimani.