Petroli kwenye maji, hedhi na mbegu za kiume: majibu ya maswali yenu

Swali: Tenki la mafuta la chini ya ardhi limevuja karibu na kisima chetu, tumekunywa hayo maji miezi kadhaa, sa hivi hedhi yangu imevurugika kabisa. Ni maji?

Inawezekana dada. Petroli ina kemikali inaitwa benzini, na wapo wanawake waliovuta benzini nyingi kazini kwa miezi hedhi zikawa hazieleweki na ovari zikasinyaa, ila hao waliivuta hewani na kwa wingi, wewe umeinywa na kiasi hakijulikani, kwahiyo usiache kutafuta sababu nyingine. Pima mimba kwanza, alafu homoni za thairoidi (tezi ya shingoni) na prolaktini (homoni ya maziwa), zote zinaweza kuvuruga hedhi, na usitoke hospitali bila picha kamili ya damu (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) maana benzini inaumiza uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unaweza kupata hadi saratani ya damu, na mi hilo linanitisha kuliko hata hedhi.

Swali: Mbona hayanuki? Na tukiyachemsha?

Pua haitoshi. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanataka benzini kwenye maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita, harufu yake unaanza kuipata kwenye miligramu 10 hivi, yaani mara elfu moja zaidi. Kuchemsha ndo mnajaza mvuke wake ndani mnauvuta wote na watoto. Tafuteni maji mengine leo, ya kupikia pia.

Swali: Mume wangu fundi magari, anatoa petroli kwenye tenki kwa kunyonya na mpira, tunatafuta mtoto mwaka wa pili sasa.

Aache kunyonya kwa mdomo, anunue pampu ya mkono, maana funda moja likipitia njia ya hewa linaunguza mapafu. Kuhusu mbegu, zamani petroli ilikuwa na madini ya risasi ambayo yanapunguza mbegu kweli, nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari ni Algeria mwaka 2021, lakini risasi inakaa kwenye mifupa miaka na miaka, na kama anafungua betri bado anaipata mpaka leo, kwahiyo apime damu na mbegu. Majibu yakiwa mabaya arudie baada ya miezi 3 akiwa ameshaacha, mbegu inachukua siku 74 hivi kutengenezwa. Na wewe pima pia, msitupiane lawama.

Swali: Kuna dawa ya kusafisha homoni?

Hakuna, usitupe hela yako. Benzini nyingi inatoka kwenye mkojo ndani ya siku 2 ukishaacha kuipata.

Swali: Nina mimba, jana nimemeza petroli kidogo, ilikuwa kwenye chupa ya maji.

Pole sana mama. Usijitapishe, ikirudi ndo inaingia mapafuni. Ukikohoa, kifua kikabana au ukasikia usingizi usio wa kawaida kimbia hospitali saa hiyohiyo. Hata kama hujisikii kitu nenda kliniki leo uwaambie, benzini inavuka kondo la nyuma, japo kumeza mara moja si sawa na kunywa kila siku. Hiyo chupa itoe jikoni sasa hivi, mtoto ataiona maji.