Akaunti moja kwa familia nzima: nitenganisheje bila kupoteza faili zangu?

SWALI: Kompyuta yetu ya nyumbani inatumia Windows 11 na ina akaunti moja tu, isiyo na nenosiri, ambayo tunaitumia mimi, mwenzangu na watoto wetu wawili. Kila programu mpya inapotaka kusakinishwa, skrini hufifia na kisanduku huuliza kama ninaruhusu mabadiliko. Watoto hubofya "Ndiyo" bila kusoma, na sasa zimo programu ambazo hakuna anayekiri kuziweka. Ningependa kila mtu awe na akaunti yake, lakini nyaraka zangu za miaka minne zimo humo na naogopa kuzipoteza. Nianzie wapi? Na je, kisanduku hicho kinaweza kuzimwa? Kinatusumbua.

JIBU: Ndugu msomaji, naanza na hofu yako, kwa sababu ndiyo inayowazuia watu wengi kufanya jambo ambalo wanajua wazi kwamba linafaa. Nyaraka zako hazitapotea, mradi usijaribu kuzihamisha. Windows humtengea kila mwenye akaunti folda yake ndani ya C:\Users, na humo ndimo zinamokaa nyaraka zake, picha zake, vitu alivyopakua, vilivyomo kwenye eneokazi lake na hata mipangilio ya kivinjari chake. Cheo cha akaunti, yaani kama ni ya msimamizi au ya mtumiaji wa kawaida, ni kitu kingine kabisa, nacho kinaweza kubadilishwa leo na kurudishwa kesho bila faili hata moja kuguswa. Kwa hiyo usijifungulie akaunti mpya ya kufanyia kazi zako. Baki katika hiyohiyo uliyoizoea, ila uivue usimamizi, na usimamizi huo uukabidhi kwa akaunti mpya ambayo haitakuwa na kazi nyingine.

Huenda ukauliza kwa nini ujivue mamlaka juu ya kompyuta yako mwenyewe. Programu hufanya kazi kwa mamlaka ya mtu aliyeifungua, na mamlaka madogo hutosha kwa karibu kila jambo la siku nzima. Mtumiaji wa kawaida anaweza kuandika, kuchapisha, kuvinjari intaneti, kutazama video, kubadilisha picha ya eneokazi na kujiunga na Wi-Fi. Asichoweza ni kuandika ndani ya folda za C:\Windows na C:\Program Files, kubadilisha akaunti za wenzake, wala kuzima kinga ya virusi, na hayo ndiyo hasa ambayo programu mbaya huyatafuta ili ijichimbie ndani ya mfumo na kuwafikia watumiaji wote. Hata hivyo, cheo cha kawaida si kinga kamili. Programu inayofunga faili za watu ili kudai fidia haihitaji usimamizi ili kuharibu nyaraka za yule aliyeifungua, kwani yeye mwenyewe ana haki ya kuzibadilisha. Kwa hilo utahitaji nakala za akiba kwenye diski ya nje, ambayo huchomolewa kila mara baada ya kunakili.

Sasa kisanduku. Tafadhali usikizime. Katika Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, akaunti zilizofunguliwa wakati wa kusakinisha mfumo zilikuwa za usimamizi, na kila programu iliyofunguliwa humo ilirithi mamlaka yote kimyakimya. Kisanduku unachokilalamikia kilikuja na Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma mwaka 2007, ili kuukatiza ukimya huo. Tangu hapo msimamizi akiingia, mfumo humpa vibali viwili, kimoja cha kawaida na kimoja cha usimamizi, naye hufanya kazi kwa kile cha kawaida mpaka atakapobofya "Ndiyo". Skrini hufifia kwa sababu swali huulizwa kwenye eneokazi la pembeni ambalo programu nyingine haziwezi kulifikia, ili pasiwe na programu itakayojibofyia kibali yenyewe. Ukikitazama kwa makini utaona jina la programu inayoomba na jina la mchapishaji wake. Ukanda wa buluu unamaanisha kuwa mchapishaji amethibitishwa, na wa manjano kuwa hajulikani. Mtu anayejifunza kusoma mistari hiyo miwili kabla ya kubofya ameshajiepusha na matatizo mengi ninayoitwa kuyatatua.

Tatizo la nyumbani kwako ni kwamba swali hilo huulizwa ndani ya akaunti ya msimamizi, ambako "Ndiyo" peke yake inatosha. Likiulizwa ndani ya akaunti ya kawaida, mfumo hudai nenosiri la msimamizi, na asiyelijua hawezi kuendelea. Watoto wataendelea kukiona kisanduku, ila hawataweza tena kukijibu, na watalazimika kukuita. Kwako wewe usumbufu utapungua baada ya siku chache za kwanza, kwa kuwa programu zikishasakinishwa huwa haziombi ruhusa tena, isipokuwa chache za zamani ambazo ni vyema ukazitafutia toleo jipya.

Kabla ya kugusa akaunti yoyote, safisha kwanza, maana kumshusha mtu cheo hakuondoi kilichokwisha kusakinishwa. Fungua Mipangilio, nenda sehemu ya Programu, panga orodha ya zilizosakinishwa kwa tarehe, kisha uondoe zile ambazo hakuna anayezihitaji. Usiloweza kulitambua kwa jina litafute kwanza kwenye intaneti, kwa sababu baadhi ya majina ya ajabu ni ya viendeshi, yaani programu zinazoiwezesha kadi ya sauti au ya skrini kufanya kazi. Halafu fungua Usalama wa Windows na uchague ukaguzi wa nje ya mtandao. Kompyuta itazima na kuwaka upya, nao ukaguzi utafanyika kabla Windows yenyewe haijaanza kazi, wakati ambapo programu mbaya haina nafasi ya kujificha. Huchukua kama dakika 15, kwa hiyo hifadhi kwanza kazi zote zilizo wazi.

Baada ya hapo rudi kwenye Mipangilio, ingia sehemu ya Akaunti, kisha Watumiaji wengine, na ubofye kitufe cha kuongeza akaunti. Mfumo utakuomba barua pepe. Chagua kwamba huna taarifa za kuingia za mtu huyo, na katika ukurasa unaofuata chagua kumwongeza mtumiaji asiye na akaunti ya Microsoft. Ipe akaunti hiyo jina lisiloweza kuchanganywa na la mtu, "Msimamizi" linatosha, na nenosiri refu. Utadaiwa pia majibu ya maswali matatu ya usalama, na hapa nakuomba uwe mwangalifu sana, kwani maswali hayo ni njia ya kubadilisha nenosiri lililosahaulika. Jina la mnyama wako wa kwanza au mji waliokutania wazazi wako ni mambo ambayo watoto wako huenda wakayajua. Andika majibu ya kubuni, uyaandike pamoja na nenosiri kwenye karatasi, na karatasi hiyo uiweke pale unapoweka vyeti vyenu.

Akaunti mpya huanza ikiwa ya kawaida, kwa hiyo bofya jina lake katika orodha, chagua kubadilisha aina ya akaunti, na uifanye ya msimamizi. Ndipo ifike hatua ambayo watu huiruka. Toka kabisa katika akaunti yako, ingia katika ile mpya kwa kuandika nenosiri kwa mkono wako, subiri iandae eneokazi, na uhakikishe kwamba inaweza kufungua orodha ya watumiaji na kukuonyesha chaguo la kubadilisha cheo. Ukishajiridhisha, ukiwa humohumo ndani ya akaunti ya msimamizi, ishushe ile yako ya zamani iwe ya mtumiaji wa kawaida. Napendekeza mpangilio huu na si mwingine kwa sababu unahakikisha kwamba hakuna dakika hata moja ambapo kompyuta haina msimamizi anayeweza kuingia. Kisha rudi kwenye akaunti yako na uiwekee nenosiri katika chaguo za kuingia, kwani akaunti yenye nyaraka za miaka minne haifai kubaki mlango wazi.

Akaunti za mwenzako na za watoto utazifungua kwa njia ileile, ila hizo utaziacha na cheo cha kawaida zilichozaliwa nacho. Vitu vya wote, kama vile picha za familia, viweke katika folda ya C:\Users\Public, ambayo kila mwenye akaunti huifikia. Wazoezeni wote kutoka kabisa mwisho wa kazi badala ya kubadilisha mtumiaji tu, hasa kama kompyuta haina kumbukumbu kubwa, kwa sababu programu za aliyeondoka bila kutoka huendelea kuishi na kula kumbukumbu hiyo.

Jambo la mwisho linahusu kufuta akaunti, ingawa hukuniuliza, kwa sababu anayejifunza kuzifungua hufikia siku ya kuzifuta. Niliwahi kuletewa kompyuta na mama aliyefuta akaunti ya binti yake aliyekwenda chuoni, akidhani anaondoa jina tu kwenye skrini ya kuingilia. Mfumo ulimwonya kwamba utafuta akaunti pamoja na data, naye akakubali, na picha zote za binti zikaondoka bila kupitia pipa la takataka. Nilifanikiwa kurejesha sehemu ndogo tu. Siku ikifika, ingia kama msimamizi, fungua C:\Users, nakili folda nzima ya mhusika kwenye diski ya nje, fungua faili mbili tatu kutoka kwenye nakala hiyo ili uone kama zinafunguka, ndipo ufute.