Simula ilitangulia C++

Ndugu, umeuliza kama dhana ya klasi, yaani kiolezo cha kuundia vitu vyenye data na hatua zake, ilizaliwa na lugha ya programu ya C++. Hapana, ilitoka Oslo, Norwei, ambako katika miaka ya 1960 Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliunda lugha ya Simula juu ya msingi wa lugha iliyotangulia, ALGOL 60, ili kuiga kwa kompyuta mifumo yenye foleni. Humo, mteja anayesubiri dirishani ni mchakato wenye data na hatua zake: hutenda, husimama kwa muda uliopangwa, kisha huendelea palepale alipoishia, na kwangu mimi huo ndio uvumbuzi wenyewe. Toleo lililofuata, Simula 67, likaleta klasi na urithi (klasi mpya kuchukua sifa za klasi iliyopo), ambavyo Bjarne Stroustrup, muundaji wa C++, aliyeitumia Simula chuoni Cambridge, alianza kuvihamishia kwenye lugha ya C mwaka 1979.