Mnaoenda kupima figo kule Balkani, msiiamini negativu haraka

Wadogo zangu mnaoenda kusoma Serbia, Kroatia au Bulgaria na mmepangiwa mambo ya figo, nisikilizeni kabla hamjashika sampuli ya kwanza. Vijijini kando ya Sava na Danube kuna ugonjwa wa figo unaojulikana toka miaka ya 1950, mtu anatembea nao miaka na miaka hajui, miguu haivimbi, presha mwanzoni iko sawa tu, kuja kushtuka figo zimeshasinyaa. Chanzo ni asidi ya aristoloki, sumu iliyo kwenye gugu linaloota kwenye ngano, mbegu zake zinavunwa humohumo zinasagwa unga, watu wanakula mkate. Ndo maana nyumba moja wanaumwa wengi na wala sio kurithi.

Sasa stripu ya mkojo, kile kikaratasi cha kuchovya, inaona zaidi albumini, protini kubwa ya damu, na albumini inavuja sana chujio la figo likiharibika. Hapa chujio bado zima, kinachoanza kuumia ni mirija, ambayo kazi yake ni kurudisha protini ndogondogo zilizopenya, ikichoka zinamwagika kwenye mkojo na stripu bado inakwambia negativu. Kwa hiyo tunapima mbili kati ya hizo protini ndogo, beta-2 maikroglobulini na alfa-1 maikroglobulini.

Beta-2 ni ya kuichunga mno. Mkojo ukiwa na pH chini ya 6, yaani una asidi, inaanza kuvunjika, tena hata ndani ya kibofu mtu hajakojoa bado, so ukija kuongeza alkali kwenye kikopo unaokoa iliyobaki tu. Mimi niliacha boksi zima la sampuli mezani asubuhi mpaka jioni sijapima pH hata moja, majibu yakatoka safi nikafurahi, kurudia kwa alfa-1, ambayo inavumilia asidi, watu kadhaa wako juu. Kuna mama nilishamwambia yuko vizuri. Kumrudia mlangoni kwake kuliniuma sana.

Basi pima pH palepale. Mtu akojoe kwanza, anywe maji, umchukue mkojo mwingine ndani ya saa moja, na jibu ligawe kwa kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo, maana aliyekunywa maji mengi atakudanganya. Ikiwa juu rudia siku nyingine na uliza dawa anazotumia, tenofovir, dawa ya VVU, nayo inaweza kuumiza mirija hiyohiyo. Halafu muulize kama amewahi kukojoa damu, tafadhali msiruke hili, asidi ileile inaleta kansa ya njia ya mkojo, ile ya juu karibu na figo, na stripu ikionyesha damu mpeleke kwa daktari hata kama protini zake ziko chini.